Mahindi ya mbegu juu ya jiko la gesi

Asmaa, natoka kwa Faustina sasa hivi. Yule mama mkwe wake atamuua!

Fundi aliipima vizuri mashine ya kuvuta moshi, sentimita sabini na tano juu ya jiko la gesi. Faustina alivyotoka tu, bibi kamwamuru fundi aishushe hadi arobaini. AROBAINI! Eti aweke mahindi yake ya mbegu juu yake, yapate joto na moshi yasibunguliwe, kama jikoni kwake kijijini.

Leo Faustina anakaanga samaki, mafuta yakalipuka, moto ukaishika mashine. Kilemba kimeungua, nyusi zimeungua!

Na bibi? Anaokoa mahindi! "Mbegu zangu jamani, tutapanda nini?" Hata pole hajasema!

Faustina kayanyakua yote, kayapukuchulia kwenye sufuria, kaongeza maji.

"Hupandi kitu, mama. Leo tunakula makande."