Neno la Chura Kuanguka Majini

Jumatatu, 4 Agosti

Vipindi vinne asubuhi, darasa la tano. Koo limekauka. Mchana ofisini Vuga kwa Bi Mgeni, mhariri wetu. Ukurasa wa tisa bado. Kitabu ni cha watoto wadogo, tunakifasiri kutoka Kiingereza: chura mdogo anaogopa kuruka, halafu anaruka. Ukurasa mzima una picha na neno moja tu. "Plop."

Nalijua neno hili. Nasomesha Kiingereza mwaka wa kumi na nane huu. Si "splash", splash ni fujo, maji yanaruka huku na huku. Plop ni kitu kidogo, kinazama bila kumrushia mtu maji. Midomo inajifunga mwisho wa neno kama maji yanavyojifunga juu ya jiwe. Tone la bomba ndani ya ndoo, plop. Hata mtu aliyechoka akijibwaga kitini, Waingereza hulitumia neno hilo hilo.

Yote hayo nayajua. Kwa Kiswahili nimeandika: "Akaanguka majini kwa mlio mdogo." Nimelisoma mara tatu. Limekufa.

Jumanne, 5 Agosti

Bi Mgeni kachoka kunisubiri. Kampa Rukia ukurasa wa tisa.

Rukia ni mfasiri mwenzangu, mdogo kwangu kwa miaka ishirini. Nilimsomesha mwenyewe. Alikuja mjini kutoka kisiwani Tumbatu ana miaka kumi, hajui hata kusema jina lake kwa Kiingereza. Leo hakugusa kamusi. Katazama picha, kacheka, kasema, "Chubwi!"

Bi Mgeni kacheka mpaka kavua miwani. Na mimi nikacheka. Mashavu yaliniuma.

Chubwi. Nalijua tangu mtoto. Tulikuwa tukitupa vijiwe kisimani kwa bibi, Makunduchi, tukisema hivyo hivyo. Neno nilikuwa nalo. Halikunijia. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Jumatano, 6 Agosti

Nina kijicho. Nimeliandika, basi.

Alhamisi, 7 Agosti

Tulikwenda kukijaribu kitabu skuli moja ya Mwanakwerekwe, darasa la kwanza. Kasoma Rukia. Alipofika ukurasa wa tisa akanyamaza kidogo, kisha: chubwi! Darasa zima likaitikia. Walitaka tena. Na tena. Mimi nilishika picha.

Tukiwa njiani Bi Mgeni kasema vitabu viko vitano zaidi vya mfululizo huu. Anataka mfasiri mmoja tu, jina moja kwenye jalada. Ataamua wiki ijayo. Alikuwa akimtazama Rukia.

Nyumbani nikamhadithia mume wangu, Seif. Nilitaka anionee huruma. Kasema, "Chubwi! Hilo ndilo hasa." Katia kipande cha ndimu ndani ya mchuzi wake, kakisemea chubwi, kacheka peke yake. Nikamwambia ale.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimekwenda kwa Bi Mgeni peke yangu. Naandika nilivyosema, nisije nikajidanganya baadaye.

Nilisema, "Rukia ni hodari, Bi Mgeni, lakini lugha yake ni ya shamba. Hilo chubwi si Kiswahili sanifu. Walimu watalalamika."

"Watoto wamelipenda, Zuwena."

"Watoto hupenda chochote. Na Kiingereza chenyewe hakukielewa. Kabahatisha."

Akazungusha kalamu. Kisha kasema, "Wewe ndiye uliyemsomesha. Ukisema wewe, mimi nani nikatae?"

Nilirudi kwa miguu mpaka Darajani. Nilinunua embe. Nilikuwa na furaha. Kweli kabisa, nilikuwa na furaha.

Jumatatu, 11 Agosti

Vitabu vitano nimepewa mimi. Ukurasa wa tisa umerudi kwenye mlio mdogo. Rukia kaambiwa Kiswahili chake kinataka kunolewa.

Furaha imefika mpaka alasiri. Haikuvuka.

Jumatano, 13 Agosti

Rukia kaja nyumbani. Kavua viatu mlangoni, kaniamkia, "Shikamoo, Mwalimu." Nikaitikia marahaba. Hakunywa sharubati mpaka nilipomlazimisha.

"Wamesema nnaandika kishamba," kasema. "Sijui nani kasema. Nimekuja kwako unisahihishe. Wewe hujanificha kosa tangu nikiwa mdogo."

Kafungua daftari. Kaorodhesha maneno yote anayohisi ni ya kwao, ukurasa baada ya ukurasa, na kayakata kwa mstari wa wino mwekundu. Mengine Kitumbatu kweli. Mengine yasemwa hapa hapa mtaani kwetu Malindi kila siku. Kachanganya yote, hajui tena lipi ni lipi. Chubwi lilikuwa la kwanza.

"Nipunguze na yepi mengine?" kaniuliza.

Hapo ndipo pa kusema ukweli. Nikasema, "Niachie daftari, nitaangalia." Kanibusu mkono. Nikauacha mkono wangu ubusiwe.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimefungua kamusi. Chubwi limo. Mlio wa kitu kinachotumbukia majini. Si neno la shamba wala la nani. Na sikuwa na haja ya kuangalia. Jumamosi nilipokuwa nikisema nilijua.

Sikula mchana. Seif kauliza kama naumwa. Nikasema kichwa.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimekwenda Vuga na daftari la Rukia mkononi.

"Nilikwambia uongo," nilimwambia Bi Mgeni. "Neno ni sanifu. Kiingereza alikielewa kuliko mimi."

"Kwa nini, Zuwena?"

"Kijicho."

"Wewe? Mtu mzima?"

"Mimi."

Hakupiga kelele. Ningependa apige. Kachukua faili la vitabu vitano kutoka upande wangu wa meza, kaliweka upande wake. Kasema Rukia nimwambie mwenyewe, yeye hatanisemea.

Jumamosi, 16 Agosti

Mtaa wa Mtoni, nyumbani kwa Rukia. Nilimkuta uani anafua sare ya mwanawe. Nilimwambia yote nimesimama, nikiogopa kwamba nikikaa nitatafuta maneno mazuri.

Aliendelea kufikicha kola. Ile ile, muda mrefu, na mimi nshaona imetakata.

"Nilikata maneno arubaini, Mwalimu," kasema. "Maneno ya mamangu."

Nikasema nisamehe. Akaikamua sare. Nikaweka daftari juu ya kiti, nikaaga. Kwetu mgeni husindikizwa. Hakunisindikiza. Nilifungua mlango mwenyewe.

Jumatano, 20 Agosti

Vipindi vinne. Madaftari hamsini na mbili ya kusahihisha. Hakuna simu kutoka Vuga. Nina wivu bado. Nilidhani ukiusema unatoka. Hautoki.

Jumanne, 26 Agosti

Bi Mgeni kaniita. Kitabu kinakwenda kuchapwa, anataka jicho la pili kwenye nakala ya mwisho. Sikutarajia kuitwa kwa lolote.

Jina la Rukia kwenye jalada, peke yake. Ukurasa wa tisa, chubwi kwa herufi kubwa, nusu ya neno imezama ndani ya maji. Mchoraji kafanya vizuri.

Ukurasa wa kumi na mbili nilikuta kosa. Herufi moja imeruka, chura ameandikwa "chua". Mwingine asingeliona. Nilikaa nalo kitambo. Nilifikiri watu watakavyocheka, na watamcheka nani. Kisha nikalizungushia duara, nikaandika sahihi pembeni, nikapeleka.

Rukia alikuwepo, mezani kwa Bi Mgeni. Kaniamkia bila kunyanyua macho. Nikaitikia. Upande wetu wa meza una viti viwili tu. Kaondoa mkoba wake juu ya kile cha pili, kauweka chini.

Nikakaa.