Gego la Baba

Jumatatu, 4 Machi

Baba ananificha kitu. Asubuhi alitafuna mkate upande mmoja tu, kichwa kakiinamisha kama anayesikiliza redio ya jirani. Nikamuuliza vipi. Hakuna kitu, anasema. Chai ikampitia upande ule mwingine — macho yakamtoka! Bado hakuna kitu. Mtu aliyesoma mita za maji maisha yake yote, akakimbizwa na kila mbwa wa mtaa huu, leo anaogopa kikombe cha chai.

Jumatano, 6 Machi

Shavu limevimba, kafunga leso mpaka utosini. Nikamwambia amekuwa bibi harusi. Hakucheka. Kucheka kunauma.

Leo vioo vya watu ninavyokata vimesubiri dukani. Nimeomba ruhusa, nikamburuta hadi kliniki. Daktari kijana, wa haraka haraka: gego limeoza, ling'olewe. Baba akafumba mdomo pale pale! Hata kile kioo kidogo cha kukagulia meno hakikuingia tena. "Hili haling'oki," akasema kupitia puani. Tumerudi na vidonge tu, na aibu yangu.

Najua kwa nini. Meno yake ya bandia ya upande ule yameshikiliwa na gego hilo. Likienda, na yenyewe yameenda. Lakini ukaidi wote huu? Tangu lini Baba akajali sura?

Ijumaa, 8 Machi

Sasa nimejua tangu lini.

Jioni fundi cherehani, yule mjane wa nyumba ya pili, kabisha hodi na supu iliyochujwa. Imechujwa! Nikamuuliza nani kamwambia Baba hawezi kutafuna. "Si linamsumbua tangu mwezi uliopita," akajibu, taratibu kabisa, kama anayezungumzia mvua. Mwezi uliopita. Na mimi nalala chumba cha pili, ukuta mmoja.

Nikaanza kuunganisha. Vifungo vya mashati! Shati gani linapoteza vifungo kila wiki, mpaka lipelekwe kwa fundi? Na zile Jumapili anazokwenda "kunyoosha miguu" akirudi ameshiba? Baba yangu, na mvi zake zote, ana mchumba!

Tulipokuwa tunaosha vyombo nikamuuliza wazi. Akaipangusa sahani moja mpaka ikakaribia kutoboka.

"Nilikuwa natafuta pa kuanzia," akasema.

"Ungeanzia popote, Baba."

"Sasa nimpelekee pengo, mwanangu?"

Nimecheka mpaka nikakaa chini. Naye akajaribu, mkono shavuni, "aa, aa, usinichekeshe." Baadaye, peke yangu, nimelia kidogo. Si hasira. Nimemkumbuka tu Mama. Basi.

Jumanne, 12 Machi

Daktari mwingine — Fundi ndiye kamtafuta, anamshonea nguo. Mama wa makamo, mikono haina papara. Kapiga eksirei, kamwonyesha Baba kwenye kioo cha kompyuta. Jino si jiwe, anasema. Ndani lina nyama laini na mishipa inayoshuka mpaka kwenye ncha za mizizi. Uozo umeifikia ile nyama, imekufa, sasa usaha umejikusanya chini ndani ya mfupa. Ndiyo uvimbe.

Baba kakodoa macho. "Yaani bomba limeoza ndani, ila ukuta bado mzima?"

Daktari kacheka — ndiyo, ndivyo hasa! Atapiga ganzi, atoboe juu, asafishe zile njia ndogo mpaka mwisho, azijaze, kisha juu aweke kofia ngumu ili lisipasuke.

Baba, kwa unyonge: sasa si nitakuwa natembea na maiti mdomoni? Hapana, mzee. Fizi na mfupa ulioshika mzizi vinaishi. Litatafuna miaka mingi, likitunzwa. Lakini hakuapa. Mengine hukataa, anasema, na likikataa tutang'oa. Nimempenda kwa hilo.

Jumanne, 19 Machi

Baba kalala usingizi kwenye kiti cha daktari! Anakoroma mdomo wazi, mpira mwembamba wa kuzuia mate umetandazwa kuzunguka jino. Muuguzi katoka nje kutusimulia, anacheka.

Lakini habari si nzuri sana. Daktari kasafisha njia tatu. Anaamini ipo ya nne, kwenye mzizi uliopinda, na hajaiona. Ikibaki chafu, usaha utarudi. Kaweka dawa na kiraka cha muda. Tujaribu tena wiki ijayo.

Huko nje nilikuwa na Fundi. Kaja na kazi yake, anapinda ukingo wa gauni. Mara akasema, macho kwenye sindano: "Sikuja kukaa mahali pa mtu, mwanangu." Nikachukua ule upande wa gauni uliokuwa unaburuta sakafuni, nikamshikia. Tukaendelea hivyo mpaka ukingo ukaisha.

Alhamisi, 21 Machi

Uvimbe umekwisha! Kala ndizi, kala viazi, kaimba bafuni. Sauti mbaya vile vile. Raha iliyoje.

Jumanne, 26 Machi

Naandika hapa hapa kwenye benchi. Jana fizi iliamka tena, kidogo, karibu na ule mzizi. Baba alitaka kunificha. Fundi kanipigia simu asubuhi na mapema — "kagua shavu lake, mimi nimemsikia anavyoongea." Kumsikia kwenye simu tu! Nikakagua. Kweli.

Kabla hajaitwa ndani, Baba kanishika kidole, kama nilivyokuwa namshika yeye utotoni tukivuka barabara. Likishindikana, anasema, basi. Ndivyo alivyosema. Kidole changu hakukiachia.

Muuguzi katokeza: mtu mmoja anaweza kuingia naye. Tumesimama wawili, mimi na Fundi, kwa pamoja! Baba akatutazama, huku, kule, maskini. Mkoba wake ulikuwa kwangu, una miwani na kadi ya kliniki. Nikampa Fundi.

"Ingia wewe. Akianza kukoroma mfinye."

Mlango umefungwa. Mashine inalia, inanyamaza. Daktari anasema kitu, simsikii. Kimya. Kimya kirefu. Sikuzoea kuwa upande huu wa mlango peke yangu.

Muuguzi katoka kufuata ganzi nyingine. Nikamdaka: vipi, wameipata ile njia ya nne? Bado wanaitafuta, anasema, ila usiwe na wasiwasi, mzee katulia, mke wake kamshika mkono.

Mke wake!

Sikumsahihisha. Mashine imeanza tena.