Bwawa Lililojaa Shikamoo

Buzuruga, Jumapili, mwezi wa nane, 1961

Ukungu umechelewa kuondoka leo. Ulikaa juu ya mpunga kule bondeni kama mgeni asiyejua kuaga, na ziwa, ambalo siku nyingine naliona kipande kikimeta kati ya majabali mawili, sikuliona mpaka tuliporudi kutoka kanisani. Mikono yangu inanuka samaki. Nimeiosha kwa sabuni, nimeisugua kwa majivu, nimeipaka ndimu. Kanisani jirani yangu wa benchi aliinamisha kichwa muda mrefu kuliko sala yenyewe, nadhani alikuwa anaficha kicheko.

Sina hasira. Niko kama mtu aliyelala mchana akaamka jua limegeuka, anasikia watoto wanacheza mbali, hajui kama ni jana au leo.

Daftari hili nilipewa na mwanangu Modesta. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne tu, lakini mwandiko wangu ni wa kutazamwa, mwalimu alikuwa anawaonyesha wavulana waone haya. Modesta yuko chuo cha ualimu. Ni wa kwanza katika ukoo wa baba yake na ukoo wa baba yangu, hesabu wa kike na wa kiume. Siku anaondoka nilimsindikiza nikiwa mimi mbele na yeye nyuma na sanduku lake, ili watu wakitaka kuuliza waanze kunikuta mimi. Aliniambia, mama, ukiwa na neno usiloweza kumwambia mtu, liandike.

Basi leo ninalo.

Bwawa letu liko chini ya nyumba, pale maji ya mvua yanapotulia kabla ya kuingia kwenye mpunga. Mume wangu alilichimba jioni baada ya jioni akitoka kwenye kazi ya pamba, na bwana samaki wa serikali akaja na debe la perege wadogo akatumiminia. Alisema wakitimiza miezi sita tuanze kuvua, tusiwaache wakajaa. Mume wangu aliitikia. Mimi nilikuwa natazama debe.

Mimi ni binti wa mfugaji. Kwa baba yangu ng'ombe hakuwa wa kula. Aliachwa azae, na watoto wake wazae, zizi likifurika unaongeza miiba upande wa pili, na mtu akiona vumbi la mifugo yako ikirudi jioni anajua amepita kwa mtu. Ndama hachinjwi. Na hesabu haitamkwi kwa mdomo, maana ukiitamka kuna kitu kinasikia na kinakuja kupunguza. Hivyo ndivyo nilivyolifuga bwawa. Nilipiga marufuku ndoana. Mume wangu akitamani kitoweo namwambia ashuke Igogo akanunue dagaa, naye anashuka, mtu mwenye bwawa lake.

Wakazaana. Kila alfajiri nilikuwa nateremka na pumba, nakuta uso wa maji umejaa midomo. Midomo midogo isiyo na idadi, inafunguka na kufumba, inafunguka na kufumba, maji yote yanatetemeka kama ngozi ya ng'ombe inayofukuza nzi. Nikajua wananiamkia. Nani mwingine hapa Buzuruga anaamkiwa na maji? Nilikuwa nasimama ukingoni, khanga nimeifunga kifuani, nawaitikia. Marahaba. Marahaba wanangu. Wakati mwingine nilikaa mpaka jua likanichoma kisogo na pumba zikapeperuka zote kwenye kikapu.

Hilo nimeliandika kwanza kwa sababu ndilo linaloniuma kuliko uongo.

Sasa uongo.

Mwezi wa sita walikuja kina mama wenzangu kunitembelea, wakiongozwa na Bi Mwajuma. Bi Mwajuma anauza vitambaa Igogo, ana jino moja la dhahabu na ulimi usio na pazia. Nilikuwa nimelisifia bwawa langu kila mahali, kisimani, msibani, kwenye foleni ya chumvi. Nilisema perege wangu wanafunika sahani. Sasa wanakuja kula, na perege wangu mkubwa kuliko wote alikuwa na urefu wa kidole changu cha kati.

Nilifikiri ni watoto. Naapa. Nilifikiri nikiwapa muda watakua.

Basi alfajiri ile niliteremka mpaka mwaloni Kirumba, nimejifunika uso kwa khanga kama mwali, nikanunua ngege, perege wa ziwani, wawili wakubwa kwenye mtumbwi wa kwanza uliofika. Niliwapika kwa nyanya na ndimu. Nikawaambia wageni: karibuni, hawa ni wa hapo chini. Walikula mpaka miiba. Bi Mwajuma alilamba vidole kimoja kimoja, kisha akasema mbele ya wote kwamba kwa samaki hawa, sikukuu ya Uhuru mwezi wa kumi na mbili, kitoweo cha kina mama kitoke kwa Mama Modesta. Wakapiga vigelegele.

Nami nikaitikia. Nilipiga kigelegele changu mwenyewe juu ya vyao.

Nilimwandikia Modesta barua, nikamweleza ngege wale kama perege wangu. Akajibu kwamba ameisoma barua yangu mbele ya darasa zima, na mwalimu wao amesema mama huyu ni mfano. Barua hiyo naiweka ndani ya mto. Tangu siku ile silali upande ule.

Wiki iliyopita Modesta alikuja likizo. Hakunywa hata maji, alitaka kuona bwawa. Nilimwambia subiri alfajiri, uone wanavyoniamkia. Tulishuka wote wawili gizagiza. Midomo ilikuwa imejaa kama kawaida. Nikasema, unaona? Nikaanza kuitikia.

 Modesta akachuchumaa, akasema, "Mama, hawasalimii. Hawa wanatafuta pumzi."

Wamejaa mno, akasema. Usiku maji yanaisha hewa, alfajiri wanapanda juu kuitafuta. Chuoni wana bwawa, wamefundishwa. Alikizamisha kikapu akainua mmoja, mdogo, akamfungua mdomo kwa ukucha. Mle ndani vilitoka vitu vidogo kama mbegu za mtama vyenye macho, vikatawanyika kwenye kiganja chake. Watoto. Alikuwa anawalea mdomoni.

"Huyu si mtoto," alisema. "Huyu ni mama mzima. Amekosa nafasi tu."

Nilimtazama yule samaki. Mama mzima, mwili wa kitoto, mdomo umejaa watoto hata hawezi kula. Sijui nilikaa pale muda gani. Ninakumbuka kunguru alipiga kelele juu ya jabali na kwamba miguu yangu ilikuwa baridi.

Modesta akasema lazima tuwapunguze, tena sana. Tuteremshe maji, tuwatoe wote, turudishe madume peke yao, mia mbili basi, maana madume wakiwa peke yao hawazai, wanakula na kukua. Tukianza sasa, mwezi wa kumi na mbili wanaweza kufika ukubwa wa kula. Tukichelewa hakuna sikukuu.

Hapo ndipo nilipobanwa. Samaki wengi namna ile huwatoi kwa siri. Wanataka mikono ya kuwavua na midomo ya kuwala kabla hawajaoza. Na mikono ya hapa ni ya wale wale waliolamba vidole.

Nilisema tuache. Nilisema nina kichwa kinauma. Modesta akaniuliza, "Mama, unaogopa nini? Wamewahi kuwaona wakubwa. Wataelewa." Mwanangu alikuwa anaamini. Mtu ukiamini uongo wa mama yako unapendeza sana usoni, na ndiyo sura niliyokuwa naitazama.

Nikamwambia akawaite.

Walikuja jana, Jumamosi, jua likiwa bado changa, kina mama tisa na vyandarua vyao vikuukuu. Mume wangu alikuwa ameshakata ukingo, maji yanateremka kwenye mpunga taratibu. Tuliingia mpaka mapajani. Tope lilikuwa vuguvugu, na samaki wanakugonga miguu kila upande, kama mvua inayonyesha kutoka chini. Chandarua kikizama mara moja kinatoka kizito hakiinuliki. Lakini ukitazama ndani, ni wadogo. Wadogo, wadogo, wadogo.

Wanawake walivua wakikonyezana. Makonyezo yale niliyajua.

Bi Mwajuma aliinua mmoja kwa mkia, akamweka juu ya kiganja changu, akampima. "Mama Modesta," akasema, "yule wa siku ile alikuwa baba yao?"

Wakacheka. Na mlango ulikuwa wazi, nilipewa nitoke. Ningesema ndiyo, tulimla baba yao, wangecheka zaidi, tungemaliza. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lakini Modesta alikuwa amesimama ukingoni, sketi yake ya chuo ameikunja, na yeye anacheka, ananitazama anasubiri nijibu kama mtu anayesubiri kujivunia.

Nikasema, "Yule nilimnunua Kirumba."

Maji yalikuwa yanatoka kwenye ukingo yakilia polepole. Sikumtazama mwanangu. Nilitazama tope.

"Na mwenzake pia," nikaongeza, maana nilikuwa nimeshaanza.

Bi Mwajuma alimtupa yule mdogo kwenye tenga. "Najua," akasema. "Ngege wale niliwataka mimi. Nilifika mtumbwini naambiwa wamechukuliwa na mama mmoja aliyejifunika uso, analalamikia bei kwa sauti ya Mama Modesta."

"Na ukala?"

"Kwa nini nisile? Walikuwa wangu."

Mama mmoja alikaa chini ndani ya maji kwa kucheka. Nikamuuliza Bi Mwajuma kwa nini basi alinipa kazi ya kitoweo cha Uhuru hali anajua. Akasema alitaka kuona nitawanunua wangapi.

Nilipoinua macho Modesta alikuwa hacheki. Alishuka ndani ya bwawa na sketi yake, akasimama karibu yangu, bega kwa bega, akaanza kuchagua. Anamgeuza samaki tumbo juu, anatazama, dume kwenye debe la maji, jike kwenye tenga. Baada ya muda mrefu aliniambia kwa sauti ndogo, "Darasani nitasema nini?" Nikamwambia aseme kweli, kwamba mama yake alikosea na akakubali kusahihishwa na mwanawe. Alifikiri. Akasema hilo nalo mwalimu atalipenda. Mwanangu huyu. Hata aibu yangu ameipatia matumizi.

Bi Mwajuma alipoelewa tunabakiza madume tu, aliweka mikono kiunoni. "Bwawa zima madume matupu. Hiyo ni kambi ya reli, Mama Modesta. Nani atawapikia?"

Mume wangu alipouziba ukingo, Modesta akaanza kuwahesabu akiwarudisha, kwa sauti, moja, mbili, tatu, kama darasani. Niliziba masikio. Baba yangu alikuwa ananisikiliza huko aliko. Lakini mwanangu aliendelea, na alipofika mia niliondoa mkono mmoja, na alipofika mia mbili nilikuwa nahesabu naye.

Waliobaki kwenye matenga tuliwagawana. Kila mama aliondoka na tenga kichwani, na wengine tuliwapaka chumvi tukawaanika juu ya jabali lililo nyuma ya nyumba. Jioni jabali lilikuwa linang'aa lote, kama limeota magamba, kama usiku lingeondoka likaingia ziwani lenyewe bila kumwambia mtu. Nilikaa nikalitazama mpaka mume wangu akaniita mara tatu. Tulikula perege wa kukaanga, wadogo, wanaliwa na miiba yao. Mume wangu alikula ishirini. Mwisho akasema, "Kumbe na mimi nina bwawa."

Bi Mwajuma, wakati wa kuaga, alisema ahadi iko palepale. Mwezi wa kumi na mbili watakuja na sahani zao kutoka nyumbani, kila mtu na yake, kupima. Nilimwambia aje na sahani kubwa. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Mdomo huu nilizaliwa nao.

Leo alfajiri, kabla ya kanisa, nilishuka. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji, sikuona ng'ambo. Nilisimama pale pale pangu. Nilingoja.

Hakuna mdomo hata mmoja.

Maji yalikuwa yametandikwa kama shuka la mgeni. Niliogopa, nikadhani wamekufa wote. Kisha chini, mbali, nikaona kitu kimoja kinageuka taratibu, kwa nafasi, kama mtu anayejigeuza kitandani kwake mwenyewe. Halafu kingine. Hawakuja juu. Hawakuwa na haja na mimi.

Marahaba, nikasema, maana ulimi umeshazoea.

Modesta anarudi chuoni wiki ijayo, na safari hii nitamsindikiza nikitembea ubavuni mwake. Barua yake nimeitoa kwenye mto. Kesho nitashuka na pumba kidogo, kikombe kimoja tu, na nikikuta kimya nitajua wako wazima.