Jante iliyokuwa kengele

Yaya Ilunga, nakutumia salamu na vumbi ya Lubumbashi.

Jante ya nne ya jeep yako, ile rimu ya gurudumu uliyonituma nitafute, sawasawa na zile tatu za zamani, nimeiona Kamalondo. Inaning'inia ku shule: ni kengele yao. Unajua vile niko na haya. Nilipita ku mulango, nikarudia, mwisho nikaingia kuomba. Mulinzi akacheka: "Citoyen mudogo, leta kwanza chuma ingine yenye kulia hivi, batoto ba mbali basikie."

Nikagonga vyuma vya garage ya Tonton, mujomba wetu, moja moja, bafundi banashangaa. Jante ya camion, lori ya zamani, ikalia vizuri. Mulinzi akaitundika pa nafasi ya yako, akaigonga, batoto bakaingia darasani bila kujua kitu.

Yako iko chini ya kitanda changu. Mbele ya kuifunga ku jeep, uigonge kidogo, usikie vile inaimba.

Unisalimie Mama.
Mudogo wako, Kyungu