Nilikidanganya Kiini, Fundi wa Gafsa Akasimamishwa Kazi

Kwako Lella Zeineb,

Safu yako nimeisoma tangu nikiwa chuo na sikudhani siku moja ningekaa kukuandikia, lakini yamenifika shingoni na sina wa kumweleza, maana kila ninayemjua hapa Sfax ama anafanya kazi ofisini kwetu ama ana ndugu anayefanya kazi ofisini kwetu. Naitwa Wided, nina miaka thelathini na mbili, kazi yangu ni kuandika viendeshi, zile programu zinazokaa ndani ya kiini cha mfumo endeshi na kukisemea kifaa, na kampuni yetu inatengeneza mashine za eksirei za zahanati ndogo za kusini.

Kadi inayopokea picha kwenye mashine yetu ni ya zamani, ina biti thelathini na mbili tu za anwani, kwa hiyo inafikia gigabaiti nne za mwanzo za kumbukumbu ya kompyuta na kupita hapo haifiki. Kiini kinajua kuwa vifaa vina mipaka ya namna hiyo, ndiyo maana kiendeshi kinapoanza kazi lazima kikitamkie: kifaa changu mwisho wake ni hapa. Ukisema kweli kinakusaidia, picha ikipangiwa nafasi juu ya mpaka kinaipokelea kwanza chini, kisha kinainakili kuipeleka juu. Tatizo letu ni kwamba ile sehemu ya kunakilia ni ndogo, na asubuhi zenye wagonjwa wengi ilikuwa ikijaa na mashine inagoma, na wateja wanapiga simu wakifoka. Mkuu wangu, Bwana Faouzi, ambaye sote tunamwita Si Faouzi kwa heshima, ndiye aliyenipa kazi nilipokuwa sina hata barua moja ya kunitambulisha, na baba yangu alipofariki alisimama mlangoni kwetu siku tatu akipokea watu kama mtoto wa nyumba. Siku hizo alikuwa akipita mezani kwangu na kahawa yake. "Binti yangu, huko kusini wanatuita wauza masanduku matupu."

Basi miaka mitatu iliyopita nilifuta 32 nikaandika 64. Karatasi ya kadi ilikuwa hapo mezani, nilijua. Lakini kiini hakikubishii, kinachukua neno lako, na mashine ya majaribio ilikwenda siku nne bila kosa, na mimi nikajifanya nimesahau kwamba mashine ile ilikuwa na gigabaiti mbili tu za kumbukumbu, hakukuwa na huko juu pa kukosea. Tukasambaza. Simu za kufoka zikakoma kabisa, nikapandishwa cheo, wakaninunulia keki.

Februari mwaka huu, zahanati moja ya Gafsa, mzee mchimba fosfati mstaafu alipigwa picha ya kifua. Mzee ana kifaa cha kusukuma moyo chini ya ngozi, na picha aliyopelekewa daktari haina kifaa, ina kifua cha mtu kijana. Zahanati ikaamua kuwa fundi wa eksirei, mama anayeitwa Mabrouka, amechanganya wagonjwa, wakamsimamisha kazi, nami nikatumwa nikathibitishe kuwa mashine ni nzima. Mama huyo alinisubiri getini. "Wewe ndiye wa mashine? Yule mzee nilimsimamisha mwenyewe, nikamwambia ashike pumzi, nikamweka sawa kwa mkono wangu huu. Andika hivyo." Nikaandika. Kisha nikafungua rekodi za mashine, na picha ya mzee ilikuwa sawa nukta kwa nukta na ya msichana aliyepigwa kabla yake, na nafasi iliyopangwa kwa ajili ya mzee ilikuwa juu ya gigabaiti nne. Kadi ilikata tarakimu za mbele isizoweza kuzishika, ikaenda kumwaga picha ya mzee mahali pengine huko chini, na ile nafasi ya juu ikabaki na nakala ya picha ya msichana, iliyoachwa hapo na programu ya kuonyesha picha, ndiyo iliyopelekwa kwa daktari kwa jina la mzee. Lella, kila mahali mashine ilipokuwa ikigoma, sasa ilikuwa ikidanganya.

Nilirudi nikamweleza Si Faouzi. Akafunga mlango. "Rekebisha kimya kimya, iingie kwenye sasisho la mwezi ujao, andika 'maboresho.' Yule mama ana miaka kumi na tisa kazini, watampa onyo yaishe."

"Na wakimfukuza?"

"Wided. Tuko watu arobaini humu ndani, na wote wana watoto."

Kikao cha Mabrouka ni Alhamisi. Mama yangu anasema nisimvunjie heshima mtu aliyetusitiri. Nikiona neno Gafsa hata kwenye kibao cha teksi nageuza uso. Nimsikilize nani?

Wided, Sfax

*

Wided,

Barua yako ilinifikia Jumatatu, na kikao kilikuwa Alhamisi, kwa hiyo sikungoja gazeti, nilikupigia. Umeniruhusu kuchapisha niliyokuambia, maana wapo wengine wenye tarakimu zao walizobadilisha.

Umeniuliza umsikilize nani, mkuu wako na mama yako, au Mabrouka. Swali lenyewe si hilo. Kuna watu wanatembea leo na jibu la kifua kisicho chao, na wewe na mkuu wako tu ndio mnaojua. Mabrouka walau anajua kuwa ameonewa. Hao hawajui hata kama kuna jambo.

Sitakuita mtu mbaya. Niliandika viendeshi vya mitambo ya simu miaka ishirini na sita, nami nimewahi kuandika nisichokuwa na hakika nacho nikaomba Mungu. Ila mtambo wangu ukikosea, simu inakatika na mtu anapiga tena. Wewe ulijua unatengeneza nini. Na usinitajie keki tena.

Nilikuambia uanze na mashine kabla ya kuanza na watu. Piga simu kila zahanati, siku hiyo hiyo, kompyuta ziwashwe kwa amri ya kuzizuia zisiguse kumbukumbu iliyo juu ya gigabaiti nne. Zitakuwa nzito, watafoka, waache wafoke. Kisha kiendeshi. Rudisha 32, na safari hii soma jibu la kiini. Kikisema hakiwezi, mashine isimame na iseme kwa nini. Tenga nafasi za picha mapema, mashine inapowaka, huko chini kadi inakofika, wala hutahitaji kunakili kitu. Hiyo ndiyo dawa ya kule kugoma tangu mwanzo, Wided. Ilikuwa kazi ya siku mbili, ukachagua ya sekunde tano. Na kila nafasi ifutwe kabla ya kupokea picha mpya, ili kadi ikikosea daktari aone giza, asione mgonjwa mwingine.

Halafu watu. Picha mbili za watu wawili haziwezi kufanana nukta kwa nukta, kwa hiyo kompyuta itakutafutia zote zilizojirudia kwa miaka mitatu. Andika barua ya kikao, taja ulichobadilisha na tarehe, weka sahihi yako, ipeleke kwa mkono. Mwambie Si Faouzi kabla hujaondoka. Nilisema mwambie, sikusema mwombe. Mtu aliyekusitiri anastahili kusikia kwako kwanza, lakini hastahili kifua cha mtu mwingine kama shukrani. Mama yako mpe salamu zangu, na mweleze hivyo hivyo.

Yaliyofuata nayajua kwako na kwa Mabrouka, ambaye pia nimezungumza naye. Ulipomwambia, Si Faouzi alisema, "Umeniua, binti yangu." Kisha akaomba orodha ya zahanati, akaichana katikati, akachukua nusu yake akaanza kupiga simu. Alhamisi ulisimama mbele ya kikao ukasoma barua hadi mwisho. Mabrouka amerudishwa kazini. Hakukukumbatia, na hakuwa na sababu. Mlipotoka nje alikuuliza neno moja tu: "Wengine?"

Wengine ni kumi na mmoja, katika zahanati nne. Mabrouka aliomba kuwapigia yeye mwenyewe wa Gafsa, kwa kuwa sauti yake wanaijua. Kumi wamerudi na kupigwa picha upya. Tisa wako salama. Wa kumi ni mwoka mikate wa Metlaoui aliyeambiwa miezi mitano iliyopita kuwa mapafu yake ni safi, na hayakuwa safi. Ameanza matibabu. Daktari hajui miezi hiyo imemgharimu kiasi gani, na wewe pia hutajua, hata ukiniuliza mara mia.

Kampuni imepoteza wateja wawili. Cheo chako wamekuondolea, kazi umebaki nayo. Naona wamekutendea haki.

Jana ulinipigia kuuliza kama sasa ni vizuri uandike kwa wateja kwamba suala limefungwa. Usiandike. Wa kumi na moja ni mama aliyeacha namba ya simu isiyopatikana, na jirani yake anasema alihamia Sousse kwa binti yake, nyuma ya soko la samaki. Una jina lake kamili na una siku ya mapumziko Jumamosi. Panda teksi ya asubuhi, nenda ukaulize duka kwa duka.