Nyundo ya Mbuvi na Kuku Wangu

Isinya, Kajiado
14 Juni 2025

Mpendwa Waceke,

Hujambo, mwanangu? Hali ya hewa ya Ujerumani inakutendeaje? Sisi tu wazima, ila goti langu bado linatabiri mvua ambayo hainyeshi. Nakuandikia kwa ajili ya baba yako, ambaye hujashika simu yake tangu Februari, lakini acha nianze na kuku.

Barua yako niliisoma mara tatu. Ati mnapoza gesi mpaka inakuwa baridi kuliko kitu chochote, halafu mnaipiga kwa mwanga, kwa mpigo ule ule. Mtu angetarajia izidi kupata joto, kumbe inapata kidogo tu kisha inagoma. Mpigo ukivurugika, joto linapanda tena. Nilicheka, nikasema miaka mitano ya masomo ndiyo hiyo.

Kisha jirani yangu Lemayian akaanza kujenga. Fundi wake, Mbuvi, huchonga mawe kando ya banda langu akiimba nyimbo za kanisa, na nyundo inafuata wimbo. Siku ya kwanza kuku waliruka hadi kwenye mabati, mayai yakashuka kutoka trei tano hadi mbili. Kufikia siku ya nne walikuwa wametulia, trei zikarudi. Halafu Mbuvi akanunua redio, akawa anasikiliza mabishano ya mpira. Anapiga mara mbili, anasimama abishane na redio, anapiga saba. Kuku wakarudi kwenye mabati.

Najua utasema kuku si atomu. Hata hivyo nilimwita baba yako ajionee, maana husema unapoteza ujana ukipiga hewa. Alikaa juu ya ndoo asubuhi nzima. Mwishowe akaniambia, "Mwihaki, kumbe huyu mtoto ako na kazi ya maana. Na mimi ndio nyundo."

Kila Jumamosi saa nne anakupigia na swali lile lile, utamaliza lini. Zamani ulikuwa unawaka, sasa hata hushiki. Inamuumiza, Waceke. Nilimwona akifuta macho, akasingizia vumbi la mawe.

Basi ameamua kuvuruga mpigo. Atakupigia siku yoyote, saa yoyote. Leo ni Jumamosi, saa nne imefika, na amenipa simu yake niifungie kwenye debe la chakula cha kuku.

Mama yako na ndugu yako Githongo wanakusalimu, Mbuvi pia. Jirani yetu Wilkister atakutumia picha ya barua hii kwa simu. Mungu akufunike popote ulipo.

Shangazi yako akupendaye bila kuuliza tarehe,
Mwihaki

Tena: akipiga, shika. Anafanya mazoezi ya swali jipya huku bandani, na mpaka sasa amepata moja tu: "Umekula?"