Kaka, Umenipangia Mbio Ukiwa Kigoma

Mpendwa kaka,

Leo kabla sijafungua mlango, sauti yako ilikuwa imeshaingia kwenye simu. "Mdogo wangu, leo ni siku ya mlima. Usikimbilie gia nyepesi." Nyuma yako nilisikia mtu anakaanga maandazi, na wewe unapuliza chai. Huku kusini, mtaani Bellevue, nyasi za uani zilikuwa zimefunikwa na barafu, na taulo niliyoisahau kwenye kamba ilikuwa imekakamaa kama kadibodi.

Kaka, nimechoka. Baiskeli siichoki. Nimechoka kuamrishwa na mtu aliyevaa kandambili.

Unakumbuka Julai ile ya kwanza ya baiskeli? Ulikuwa unatoka lindo la usiku kule Hillbrow, macho mekundu, na badala ya kwenda kulala ukawa unanigongea dirisha. Mimi nilikuwa fundi cherehani wa kukaa kutwa, mgongo umeanza kupinda, na uliapa utaninyoosha. Ulinivisha mifuko ya mkate juu ya soksi, ukanichomekea gazeti kifuani ndani ya jaketi. Nikakwambia nahisi baridi.

"Vizuri," ukasema. "Ukitoka mlangoni huhisi baridi, umevaa kupita kiasi."

Nilikuchukia mpaka tulipofika juu kabisa Kensington. Jua likatoka, tukaona mji mzima chini yetu na moshi wa majani makavu yanayoungua mbali. Ukanimiminia chai. Mimi nilikuwa nalia kidogo, nikasingizia upepo. Toka siku hiyo hukuhitaji kunigongea dirisha.

Mwaka jana tulipomaliza zile mbio ndefu za Magaliesberg, tumejaa vumbi mpaka kwenye meno, ni wewe uliyesema mwaka huu tufanye msimu mzima, wawili wawili. Septemba Magaliesberg, Oktoba Drakensberg, Novemba zile za siku tatu mfululizo. Ulinieleza sheria kana kwamba siijui: kila kituo lazima tupite pamoja, mmoja akichelewa, wote tumechelewa. Tukajiandikisha, jina lako na langu.

Halafu mama akaugua, ukaenda Kigoma. Ulisema ni mwezi mmoja. Mama akapona, tukashukuru Mungu, na wewe ukabaki. Lakini mipango haikusimama. Kila wiki unanitumia mazoezi mapya: saa ngapi kwenye tandiko, kilima gani, nile nini. Kwa sababu ulinikataza kwenda njia za porini peke yangu, nilimbembeleza Furaha anisindikize. Ni msusi kutoka Bukavu, anapanga chumba cha pili kutoka changu. Tulishusha kiti cha baiskeli yako, akaipanda. Mpaka urudi, nilimwambia.

Sasa nikukumbushe ile asubuhi niliyoanguka, maana nadhani umeisahau. Bomba lilikuwa limepasuka kwenye kona, kabla ya roboti, zile taa za barabarani, na maji yaliyosambaa barabarani yakaganda usiku. Sikuyaona. Gurudumu la mbele likateleza nikaangukia mkono. Furaha aliitupa baiskeli yake akanikimbilia. "Usisimame kwanza. Ikala hapo chini. Mukono inauma?" Simu ikaita. Ulikuwa wewe, unataka kujua kama tumeshafika juu. Nikakwambia nimeanguka kwenye barafu, nadhani mkono umevunjika.

"Eish," ukasema. "Baiskeli iko sawa?"

Furaha alisikia. Alichukua simu mkononi mwangu akaikata, akanipeleka kliniki akiwa bado na helmeti kichwani. Bahati nzuri mfupa ulikuwa mzima, ni kano tu iliyovutika.

Jumapili nilimpigia mama asije akasikia kwa wengine. Baada ya kunipa pole nikamuuliza uko wapi. "Kaka yako? Yuko kwenye karakana yake. Wamemaliza kuezeka. Anasema hapa ndipo atakapozeekea. Kwani hajakwambia?"

Hukuniambia, kaka. Siku ileile asubuhi ulikuwa umenitumia mazoezi ya Agosti.

Nilikupigia hapohapo. Nikauliza, "Unarudi?" Ukaanza habari za mabati. Nikauliza tena. Ukasema, "Sirudi."

"Sasa hizi mbio za Oktoba ulikuwa unampangia nani?"

"Nikiacha kupanga," ukasema polepole, "nitakuwa nimeondoka kweli."

Nilikata simu. 

Nimelifikiria jibu lako wiki nzima nikiwa na bandeji. Nalielewa. Mimi pia siku nyingine napita mtaa uliokuwa unalinda nikiangalia mlangoni kama umesimama. Lakini kukuelewa hakujaniondolea hasira. Umeniacha nikaamka gizani majira yote ya baridi nikimngoja mwenzangu, na wewe unajua haji. Ungesema Mei, ningelia Mei, yakaisha. Mimi ni mtu mzima, kaka. Msiba wa kuachwa naumudu. Kudanganywa kwa upole ndiko kunakonichosha.

Basi nikujulishe. Niliwaandikia waandaaji, jina lako likatoka, la Furaha likaingia. Tutashindana upande wa wanawake. Jumamosi tulikwenda Modderfontein. Kwenye mteremko wa mawe alishuka akatembea, akiitukana baiskeli yako kwa Kifaransa. Mlimani ni mzito kuliko wewe. Nilipomwambia atajifunza, alinitazama akasema, "Miye siko kaka yako. Nikichoka, nitakuambia nimechoka." Nilicheka mpaka mkono ukauma.

Usinitumie mazoezi tena. Nipigie Jumapili kama watu wa familia moja, unieleze karakana ina madirisha mangapi na nani anakupikia hayo maandazi. Hilo nalo hukulisema, na mama ameanza kucheka akiulizwa.

Mwambie mama mkono unaendelea kupona. Septemba tukiwa njiani simu yangu itakuwa imezimwa. Tukifika, nitakupigia mimi.

Akupendaye na bado amekukasirikia,
mdogo wako wa kike